Menifodi ya Mwendo wa Mashangazi

Dada yangu aliolewa akiwa na miaka arobaini na moja. Miezi miwili kabla ya harusi hiyo, nyumba nzima ilikuwa ikiwaza nguo, mchele na mahali pa kulaza wageni kutoka Tabora. Mimi nilikuwa nikiwaza menifodi.

Kwa ambaye hajawahi kufunua boneti, niseme mapema. Menifodi ni pande la chuma lenye matundu linalolala juu ya injini, na kabureta hukaa mgongoni mwake. Petroli ikishachanganyika na hewa hupita humo ndani, ikagawanywa, kila silinda ikapata fungu lake. Menifodi ikiwa mbaya, silinda nyingine hushiba na nyingine hulala njaa. Iko pia ya kutolea moshi, lakini hiyo si habari yetu. Haya machache ni mengi kuliko niliyoyajua mimi wakati ule, ingawa nilikuwa nikiuza spea.

Nilikuwa na kibanda karibu na stendi, hapa Singida mjini. Ilikuwa miaka ya ruksa. Kabla ya hapo tulikuwa tumekaa miaka ambayo mtu akipata plagi moja mpya anaifunga kwenye kitambaa kama dhahabu. Halafu milango ikafunguliwa, vitu vikaanza kuingia, na mimi nikawa mtu wa kupanda basi kwenda Dar, kuzunguka maduka ya spea ya Gerezani, na kurudi na mafurushi ya gasketi, feni belti na vikombe vya breki. Wenye magari walikuwa wakiniambia, "Dada, wewe ni daktari." Nikaanza kuamini. Hapo ndipo balaa langu lilipoanzia.

Gari lenyewe lilikuwa la baba. La Kimarekani, milango miwili, silinda nane, usukani kushoto, boneti ndefu kama kitanda cha wageni. Baba alilinunua zamani kwa mhandisi mmoja Mzungu aliyekuja kujenga barabara, akaondoka akiwa na haraka. Lilikuwa likinguruma mpaka vikombe vinacheza kabatini. Baba alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, mtu wa kanzu na maneno machache, na sijawahi kuelewa alichokuwa akikitafuta kwenye gari lile. Nadhani alipenda tu. Halafu petroli ikawa ya kutafutwa kwa tochi, spea hazipo, na gari likapandishwa juu ya mawe nyuma ya nyumba. Kuku wakalihamia. Kwa miaka mingi mayai tuliyokuwa tukila asubuhi yalitoka kwenye kiti cha dereva.

Mama alifariki nikiwa na miaka minane. Dada alikuwa na kumi na tisa. Alichukua funguo za stoo siku ya arobaini na hakuzirudisha tena, akatulea mimi na kaka zetu wawili. Wachumba walikuja, si kwamba hawakuja. Kila mara alisema, ngoja hawa wamalize shule. Tulipomaliza akasema, ngoja baba apone mguu. Baba alipopona, wachumba walikuwa wameshachoka kuja.

Ndipo akatokea mjane mmoja wa Shelui, mwanamume mwenye duka na hoteli ndogo pale yanapolala malori. Alikuja kununua vitambaa vya mapazia, akarudi kununua vingine, akarudi mara ya tatu wakati hoteli yake, kama tulivyokuja kujua, ilikuwa na madirisha manne tu. Dada alikubali kabla baba hajamaliza kumuuliza.

Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima ambaye sina sababu ya kumtaja, aliniambia bombani, mbele ya watu na ndoo zao, "Kwa umri ule ni vizuri mkimtoa alfajiri, kimya kimya. Ngoma ni za wasichana." Nilimjibu maneno ambayo baba alinilazimisha kwenda kuyaombea radhi. Niliomba radhi kwa mdomo. Moyoni niliapa kwamba dada yangu atatolewa saa tisa mchana, jua likiwa juu ya kila mtu, kwa ngoma na matarumbeta, kutoka mlangoni kwetu, kupita sokoni, mpaka mji uishe. Na atakuwa ndani ya gari la baba.

Sasa lazima niseme desturi ya nyumbani kwetu, maana bila hiyo menifodi ingekuwa chuma tu. Ukoo wetu ni mchanganyiko. Bibi mzaa baba alikuja na mumewe kutoka pwani, wengine ni Wanyaturu wa Sepuka, na kila upande umeleta amri zake. Amri ya bibi ilikuwa hii: mashangazi wanacheza mbele ya gari la bibi harusi, na gari haliwapiti wala haliwasukumi. Linakwenda mwendo wa miguu yao. Na injini haizimi mpaka mji uishe. Ikizima, mashangazi wana haki ya kumteremsha bibi harusi, wakamrudisha ndani kwa baba yake, na safari ikaanza upya siku watakayoitaka wao. Msidhani ni utani. Binamu yangu mmoja alirudishwa, akakaa wiki nzima na hina zake mikononi, mume anamsubiri Manyoni.

Kwa dada yangu, kurudishwa ndani mbele ya soko zima kungekuwa kicheko cha miaka kumi.

Kwa hiyo nilimfuata fundi. Alikuwa mzee wa Kinyangiri, Mnyiramba, aliyefanya kazi karakana ya serikali mpaka walipopunguzwa, sasa akitengeneza magari chini ya turubai nyuma ya soko. Aliwafukuza kuku, akafungua boneti. Halafu akaingiza kidole mbele ya menifodi na kidole kikazama.

"Mlikuwa mnatia maji gani kwenye rejeta?"

"Ya kisimani, shikamoo," nilisema, maana kwa hofu nilikuwa nimesahau kumwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Ya kisimani." Alilamba kidole kile, nasema kweli, akatema. "Chumvi. Hata mbuzi angekataa. Maji ya injini hii yanapita hapa mbele ya menifodi, na chumvi imekaa humo ikila chuma miaka yote mkiwa mmelala. Sehemu nyingine za injini ni nzima. Hii imekwisha."

Alibandua gasketi ya zamani, akaisafisha, akanipa kama mfano wa matundu. Kisha akanipa masharti, akihesabu kwa vidole vyeusi. Matundu yalingane na gasketi. Isiwe ndefu, boneti ifunge. Na ndani yake iwe na njia za ghorofa mbili, nyembamba, si chumba kimoja kikubwa. "Ukichungulia tundu la kabureta ukaona ukumbi, iache. Ukiona ukuta katikati, hiyo ndiyo yenyewe. Hata kama ni mbaya ya sura."

Nilimwambia nimeelewa. Sikuwa nimeelewa, lakini daktari wa spea angeulizaje?

Gerezani nilimkuta muuzaji mmoja anayeuza vitu vya magari ya Kimarekani vilivyotoka Uarabuni. Alikuwa na menifodi mbili, na zote matundu yake yalikubaliana na gasketi yangu. Moja ilikuwa ya chuma cha kijivu, fupi, nzito kama dhambi, imeganda grisi. Alikuwa ameweka birika la kahawa juu yake. Nyingine ilikuwa ya aluminiamu, imesimama juu, inang'aa mpaka niliona meno yangu. Nilichungulia ndani. Ukumbi.

"Hiyo ni ya mashindano," alisema yule muuzaji. "Ukiikanyaga, huyo wa nyuma yako anabaki na vumbi."

Nilimfikiria yule mama wa bombani akibaki na vumbi. Nilifikiria boneti ikifunguliwa mbele ya watu na kitu kile kikimetameta humo ndani. Nikajiambia fundi ni mzee, amezoea malori ya serikali, hajui mambo mapya; nchi imefunguliwa, kwa nini sisi wa Singida tuchukue kinachokaliwa na birika? Nikainunua ile ya kung'aa. Nilirudi nayo siku mbili ndani ya basi nikiwa nimeipakata kama mtoto mchanga, na kila tulipokaguliwa njiani niliwafunulia askari kanga niliyoifungia kwa furaha.

Fundi aliipokea, akachungulia, akanitazama, akachungulia tena. Aliongea kidogo na injini kwa Kinyiramba na nadhani alikuwa akiiomba msamaha. Kisha akaifunga.

Boneti haikufunga. Ilibaki na mwanya wa kuingia ngumi, tukaikaza kwa kamba ya mpira. Lakini gari liliwaka! Baba alitoka msikitini akasimama barabarani, mkono kifuani, akisikiliza. Niliendesha hadi njia ya kwenda Dodoma, nikakanyaga, na Mungu anisamehe, lile gari liliruka. Nilipiga vigelegele peke yangu humo ndani. Nikarudi nyumbani nimevimba kichwa, nikamwambia baba kila kitu kiko tayari, wiki tatu kabla ya siku.

Baba akasema, "Sasa hebu tulijaribu kwa mwendo wa miguu."

Shangazi mkubwa, dada yake baba, alikuwa ameshafika kwa ajili ya maandalizi. Ni mwanamke mnene, mwenye magoti mabovu, na ndiye kiongozi wa wachezaji. Alifunga kanga kiunoni, akasimama mbele ya gari na kuanza, bila ngoma, kwa makofi yake mwenyewe: hatua mbili mbele, moja nyuma, zungusha kiuno, pumzika, hatua mbili mbele. Baba akatembea pembeni yake na fimbo. Mimi nikaachia klachi.

Gari lilikohoa. Nikaongeza resi, likataka kumrukia shangazi, nikashika breki, likatetemeka kama mgonjwa wa malaria na kuzima. Nikawasha. Hatua mbili mbele, moja nyuma. Likazima. Mara ya tatu lilizima mbele ya mlango wa yule mama wa bombani, ambaye alikuwa dirishani, na ambaye kwa heshima kubwa alifunga pazia. Afadhali angecheka.

"Asiyesikia la mkuu," alianza shangazi akihema.

"Najua anavunjika nini, shangazi," nilimkata. Baba alinitazama, nikainamisha kichwa.

Dada alitoka ndani na jagi la maji. Alimpa shangazi, akampa baba, akanipa mimi mwisho, nikiwa bado nimeshika usukani. "Usijisumbue, mdogo wangu," alisema. "Hata kwa basi nitafika." Alisema kwa upole tu. Nililia pale pale, kwa hasira na kwa aibu, mtu mzima wa miaka thelathini, na yeye akanifuta kwa ncha ya kanga yake kama alivyokuwa akinifuta nikitoka shule.

Nilikwenda kwa fundi nikamwambia, "Nimekosa." Ni neno ambalo halinitoki kirahisi. Alinikaribisha kwenye kigoda, akachukua kipande cha bomba jembamba alichokuwa akipulizia mkaa wa chai yake.

"Pumzi ya mtu ni ndogo," alisema. "Ukipuliza kwa hili bomba, pumzi inakwenda kwa nguvu, moto unawaka. Sasa chukua bomba la choo upulizie moto. Pumzi ni ile ile, lakini itapotea humo ndani. Injini ikienda taratibu inavuta pumzi ndogo. Ukiipa ukumbi, petroli inadondoka chini kabla ya kufika kwenye silinda. Ikienda mbio, sawa, ukumbi ni mzuri, inavuta kwa nguvu. Ile uliyoleta si mbovu. Ni nzuri sana, kwa mtu asiyesimama mahali. Wewe uliniambia unataka gari la kumfuata shangazi."

"Nilikuambia."

"Basi. Menifodi hainunuliwi kwa mbio za gari. Inanunuliwa kwa safari unayoiendea."

Nilipanda basi tena. Njia nzima nilikuwa nikiomba yule muuzaji asiwe ameuza ile ya kijivu, na nilipoingia Gerezani nikaona birika, na chini ya birika nikaiona. Sijawahi kufurahia grisi kiasi kile. Yule muuzaji alipokea ile ya kung'aa bila ubishi, kwa sababu, alisema, wanaume wanaiulizia kila siku. "Na hii unaitaka ya nini? Haina mwendo." Nikamwambia ina mwendo ninaoutaka. Nilichungulia tundu la kabureta mara tatu kuhakikisha. Kulikuwa na ukuta katikati, njia nyembamba zikipanda na kushuka, zimepangwa vizuri kama vyumba vya nyumba ya watu wanaoheshimiana.

Fundi aliiosha kwa mafuta ya taa siku nzima. Aliifunga, akaweka kabureta ya zamani ya midomo miwili, akatia kwenye rejeta maji ya mvua ambayo nilikuwa nimekinga mwenyewe kwenye pipa. Boneti ikafunga kwa mlio mmoja mzuri. Shangazi akacheza tena. Gari lilimfuata hatua mbili mbele, likamsubiri moja nyuma, likinguruma chinichini. Tulifika sokoni na kurudi. Shangazi aligeuka akaipiga busu boneti, akaunguza mdomo, akacheka mpaka akakaa chini.

Siku yenyewe ndoa ilifungwa baada ya adhuhuri. Kwetu bwana harusi hutangulia na watu wake kwenda kumsubiri mke kwake, sisi ndio tunaompeleka, kwa hiyo mwenzetu wa Shelui alipanda pikapu yake na kuondoka huku akigeuka nyuma kila hatua. Saa tisa, baba alimshika dada mkono akamtoa mlangoni. Dada alikaa mbele, pembeni yangu, kwa sababu nilisema akikaa nyuma ataonekanaje. Somo wake, bibi mmoja wa makamo aliyemfunda, akabanwa kiti cha nyuma na masanduku. Watu waliona pia kitu kingine cha kusimulia, yaani mwanamke anaendesha gari la harusi, na mimi sikuwanyima.

Ngoma zikaanza. Mashangazi tisa, kanga sare, wakajaza barabara nzima. Hatua mbili mbele, moja nyuma. Nilikuwa na mguu mmoja juu ya klachi na moyo wangu mdomoni, lakini ile menifodi mbaya ya sura haikukosa hata pumzi moja. Tulipita kwa jirani, na yule mama alitoka na sinia la mchele na maua akaurusha juu ya boneti, akapiga kigelegele kirefu kuliko wote. Nilimsamehe papo hapo, kwa kweli safari hii. Tulipita msikitini, tukapita sokoni, wauza vitunguu wakasimama juu ya magunia yao ili waone. Kutoka mlangoni hadi mwisho wa mji tulitumia saa moja na nusu kwa safari ya dakika tano. Nilikuwa nikimtazama dada kwa pembe ya jicho. Alikuwa amenyoosha shingo, mtandio umerudi nyuma, hina zimetulia magotini. Kila mtu alimwona. Nilikuwa na furaha ya kutosha kijiji kizima.

Penye nyumba ya mwisho, shangazi mkubwa aliinua mikono, ngoma zikanyamaza. Walikuja dirishani mmoja mmoja, wakamgusa shavu, wakakaa pembeni. Barabara ya Shelui ilikuwa mbele yetu, nyeupe, tupu, hakuna hata ng'ombe.

Na mimi niliendelea kwenda vile vile. Sikukusudia. Shangazi hayupo tena mbele, ngoma hakuna, na mguu wangu umekaa juu ya klachi kana kwamba bado kuna mtu wa kumsubiri. Nilijiambia naliachia gari nafasi ya kupoa. Nilijiambia barabara ina mawe. Tukaipita miti, tukalipita daraja dogo, kwa mwendo wa mtu anayechechemea, na mtu mwenye baiskeli akatupita akatuamkia.

Dada aliweka mkono wake wenye hina juu ya usukani, karibu na wangu.

"Mdogo wangu," alisema, "mimi nimekwenda mwendo wenu miaka ishirini na miwili. Kanyaga."

Nikakanyaga.